Fisi Maji wa Jjajja

Daktari aliniambia nitembee kila siku kwa sababu ya sukari. Sipendi kuamriwa, kwa hiyo niliamua kwamba kama ni kutembea, sitatembea bure. Kila asubuhi, kabla ya kwenda soko la Kikuubo hapa Kampala kuuza vitenge, nateremka kutoka Kisugu hadi ukingoni mwa kinamasi, simu mkononi, na kiumbe chochote kinachonishangaza nakipiga picha. Nikirudi nauliza jina lake, kisha naliandika kwenye daftari la shule. Picha isiyo na jina hunikosesha raha kutwa nzima.

Majina nilipewa na mwenye nyumba wangu, mjane wa Kiganda niliyemwita jjajja, yaani bibi, ingawa mimi mwenyewe nina wajukuu. Nikirudi namkuta mlangoni na miwani tayari usoni. Kenge alimtambua kwa mkia tu. Mdiria, ndege mdogo wa buluu ambaye sikutegemea kumwona kwenye mtaro uliojaa mifuko ya plastiki, alimtazama mpaka chai ikapoa. Magoti yake hayakumruhusu tena kuteremka kule.

Alikuwa na ombi moja. Kwa Waganda kila ukoo una mnyama wake, muziro, ambaye watu wa ukoo huo hawamuui wala hawamli. Wa kwake ni fisi maji.

"Mimi nimezeeka, na muziro yangu sijaona hata siku moja," aliniambia kwa Kiswahili chake cha kubahatisha. "Naona ya kuchora tu. Wewe kama naona yeye, mimi ndio utaambia wa kwanza."

Niliahidi kirahisi, kwa sababu sikuamini mnyama wa namna hiyo anaweza kuishi jirani na mabati yetu.

Siku alipotokea, jjajja alikuwa amekwenda Masaka kwenye mazishi. Maji yalikuwa yametulia kati ya mafunjo. Nikaona mgongo wa kahawia ukiteleza, kisha mkia mnene, kisha sikuona kitu tena. Picha ilitoka na ukungu. Nikasema moyoni, huyu ni ndezi, yule panya mkubwa wa matete. Kwetu mashariki ya Congo tunamla. Lakini ule mkia ulinisumbua, ndezi hana mkia wa vile. Ningengoja siku moja tu jjajja arudi. Mimi na subira hatujawahi kuelewana.

Marehemu baba yangu alikuwa mtegaji, na kijijini kwetu jina la mnyama huulizwa mtegaji. Hakuna anayejua wanyama kumshinda yeye. Nimekua nikijua hivyo, na siku ile sikufikiria mara mbili. Palikuwa na mwanamume anayetega kambare kwa migono, nikamwendea na simu yangu.

"Huyu anaitwaje?"

Aliitazama picha kwa muda mrefu. "Hii uliona wapi, mama?"

Nikanyoosha kidole. Tena nikamshika bega nikamgeuza, aone vizuri. Jina hakulijua, nikaondoka nikimdharau.

Kesho yake aliniita kutoka mbali, amejaa furaha.

"Mama, asante sana! Ile kitu yako tumekamata. Kumbe ndio inamaliza samaki yangu."

Mnyama alikuwa amelazwa kando ya njia, kichwa kimepondwa. Koo lilikuwa na madoa meupe, vidole vina utando, na sharubu zimejaa tope. Hapo sikuhitaji kuuliza mtu, huyu alikuwa fisi maji wa jjajja. Kidole kilichomwonyesha njia kilikuwa changu.

Nilimfunga kwenye kitenge nikapanda naye kilima. Jjajja alirudi mchana ule ule. Nakiri kwamba niliwaza kumtupa na kunyamaza. Badala yake nilikifungua kile kitenge uani, nikamweleza yote.

Aliinama kwa taabu akamgusa sharubu. "Ni wewe ulionyesha?"

"Ni mimi, jjajja."

Aliingia ndani, akatoka na lubugo, ile nguo ya gome la mti ambayo Waganda huwavika maiti. Alikuwa ameitunza kwa ajili ya mazishi yake mwenyewe. Alikata kipande kwa kisu cha jikoni. Nilichimba mimi, nyuma ya migomba, na alipomaliza kumfunika aliingia ndani akafunga mlango. Wiki nzima hakunisemesha, na aibu ile ninayo mpaka leo.

Niliendelea kutembea. Miezi ilipita. Asubuhi moja mafunjo yalitikisika, kikachomoza kichwa chenye sharubu, macho yakanitazama moja kwa moja. Nyuma yake alikuwepo mtoto. Safari hii picha ilitoka safi. Yule mtegaji alikuwa akipanga migono yake hatua chache kutoka pale, akaniuliza nimeona nini leo.

"Kaloli," nilimjibu, wale ndege wakubwa wa jalalani ambao Kampala hakuna asiyewajua. Nikapita bila kugeuka nyuma.

Jjajja alivaa miwani, akaivua, akaifuta, akaivaa tena. Aliishika simu kwa mikono miwili. Kioo kilizimika mara tatu, na mara tatu nikakiwasha. Alikuwa analia bila sauti, nami nikalia.

"Kumbe yeye ako na mtoto," alisema. Baada ya muda akanirudishia simu. "Mwanangu, sasa mimi nimeona. Toa hiyo picha."

"Niifute, jjajja? Umeingoja maisha yako yote."

"Toa. Wewe napenda kuuliza watu."

Nikaifuta, yeye akiangalia.