Kisu Hakipokelewi Mkononi

Nilikuwa mtoto wa miaka tisa pale Ilembo, Mpanda, katikati ya miaka ya sabini, mjomba wangu aliponipa kisu cha kukunja. Kilikuwa na makali mawili, bisibisi, kifungua chupa na msumari wa kutobolea ngozi. Mjomba alikuwa fundi wa reli, na majirani walimshangaa kumpa mtoto wa kike kitu kama kile. Usiku wa kwanza nililala nacho.

Alinifundisha jioni nzima. Ukikata, peleka makali mbali na mwili. Usitembee nacho kikiwa wazi. Kabla ya kumpa mtu, kifunge kwanza. Nikikosea ananinyang'anya, tunaanza upya. Alikuwa mwalimu mzuri, siwezi kumnyima hilo.

Bibi, mama yake, alikuwa na lake. Kwetu sisi tuliotoka Mpimbwe, alisema, chuma chenye makali hakipokelewi mkono kwa mkono. Kinawekwa chini, mwenzio anaokota mwenyewe. Mkipeana mkononi mtagombana, na ugomvi huo hauponi. Mjomba alicheka. Mimi nikashika yote: nafunga, naweka chini. Mtoto gani angefanya zaidi?

Siku moja tulikuwa uani tukishona magunia ya mpunga. Mjomba alishika shazia, ile sindano kubwa ya magunia, mimi nakata katani, Bibi anapepeta hatua tatu kutoka hapo. Lori la kubeba magunia lilikuwa linapiga honi barabarani. Mjomba akanyoosha mkono bila kuniangalia.

"Lete kisu."

Nikakifunga, nikainama kukiweka chini.

"Unafanya nini wewe? Nipe mkononi! Na kifungue kabisa, lori linaondoka!"

"Mjomba, si ulisema nifunge kwanza? Na Bibi kasema..."

"Unanifundisha mimi? Lete hapa!"

Nikakifungua. Kabla sijakigeuza nimpe mpini, akakinyakua, akakamata makali. Kiganja kikapasuka, damu ikamwagikia gunia.

Bibi alitupa ungo. "Nilisema! Nilisema msipeane mkononi!"

Majirani wakaja mbio. Na Mjomba, mtu mzima mwenye ndevu zake, akaninyooshea kidole cha mkono uliobaki mzima: "Huyu kanipa kikiwa wazi. Nimemfundisha, hasikii."

Nikamtazama Bibi. Alikuwa amesikia kila neno. Akainamisha kichwa, akaendelea kumfunga mwanawe kitambaa. Kisha akaniambia nipige magoti niombe msamaha, ili ugomvi wa chuma usituingie. Nikapiga magoti kwenye makapi, mbele ya watu wote, nikasema, "Nisamehe, Mjomba." Akasema amenisamehe. Amenisamehe! Kisu akakitia mfukoni mwake, sikukiona tena.

Wapo ndugu wanaosema Bibi alitabiri kweli, maana tangu siku ile mimi na Mjomba hatukuiva. Nilimwamkia kwa kuwa ni adabu, basi. Wanasema ni chuma. Nikiwasikia damu inanichemka, hata leo na mvi zangu. Chuma kilikosa nini? Ugomvi uliingia pale mtu mzima alipovunja amri yake mwenyewe akanitwisha mimi, na aliyesikia akanyamaza kwa sababu mkosaji ni mwanawe.

Wote wawili wameshatangulia. Nimewaombea misa, na nawapenda kwa namna yangu. Binti yangu alipotimiza miaka kumi nilimpa kisu cha kukunja, nikamfundisha ya Mjomba na ya Bibi, maana yote ni mafundisho mazuri. Nikaongeza langu: siku nitakayokosea mimi, useme mbele za watu kwamba aliyekosea ni mama.

Aliitikia kwa kichwa, akaondoka na kisu chake. Mimi nikabaki nimekaa, hasira ileile kifuani. Kisu cha Mjomba nilishakisamehe zamani. Ule msamaha niliouomba nikiwa nimepiga magoti, huo bado nautaka urudi.