Mama Funguo

Mtunza bweni la wageni pale chuoni husema hajui jina la mwanafunzi hata mmoja, wala haoni haya kusema hivyo. "Wanakuja kusoma wiki sita tu," humwambia mfagiaji. "Jina ni mzigo, mwanangu. Ukishajitwika, utautua wapi?" Kwa hiyo huwaita kwa namba za milango yao, nao humwita Mama Funguo, kwa lile rundo linalolia kiunoni kabla mwenyewe hajatokea. Harufu ya chuma haibanduki vidoleni mwake. Kila jioni, mvua inyeshe isinyeshe, hupita kwenye korido akigonga mlango mmoja mmoja: "Saba, umefunga dirisha? Nane, binti yangu, na hiyo nguo uliyoanika nje?" Saba na Nane hujibu kwa Kiswahili chao cha kuungaunga, naye huguna, akasonga mbele.

Leo asubuhi basi liliwachukua wote na masanduku yao. Jioni mfagiaji alikuwa akikung'uta magodoro aliposikia funguo zinalia, kisha ngo, ngo, ngo.

"Saba, umefunga dirisha?"

"Mama," mfagiaji akasema taratibu, "si wameondoka?"

"Kwani mimi sina macho?"

Akasogea hadi mlango wa Nane. Safari hii hakugonga. Aliweka kiganja juu ya ubao, akaliita jina la yule binti, jina refu la kigeni, pamoja na la ukoo wake, bila kujikwaa hata mara moja. Kisha akasubiri.