Salamu ya Mgonjwa Asiyeamka

Sogea karibu nikueleze, kwa sababu huenda siku moja jambo hili likakupata wewe pia. Mimi ni muuguzi hapa Bujumbura, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: ataamka?

Mpakiaji mmoja wa magunia kule Zone Industrielle, eneo la viwanda, aliletwa kwetu baada ya kuanguka kutoka juu ya lori na kuumia vibaya kichwani. Mkewe hakubanduka kando yake. Kwetu salamu ni mkono, hata kwa mgonjwa. Basi kila ndugu aliyekuja kutoka mtaani kwao Nyakabiga alimtia kiganja mkononi, naye akakishika. Wakafurahi: anatusalimia! Kaka yake mkubwa akapiga simu huku na huku. Lakini siku zikapita, macho hayakufunguka, na kaka akaanza kusema wamrudishe nyumbani, afie kwao.

Nikawaketisha wote wawili, mke na kaka. Nikawaeleza kwamba kiganja kikiguswa kinaweza kushika chenyewe, kama cha mtoto mchanga. Ile haikuwa salamu. Lakini pia haikuwa na maana kwamba hatapona. Daktari hutazama umri, mboni zinavyoitikia mwanga, picha ya ubongo, na kama mtu anatii anachoambiwa. Hata hivyo, mapema namna ile hakuna anayejua mwisho. Mboni zake zilikuwa zikiitikia vizuri.

Kaka akaniuliza, "Sasa tutajua namna gani, dada? Atatusalimia kwa muguu?"

Mke akacheka, mara ya kwanza tangu nimwone. Kisha akasema, "We enda kazini, shemeji. Mi nabaki naye."

Nikamfundisha mke kumshika mumewe mkono, halafu kumwambia aachie. Kushika huja kwenyewe. Kuachia kwa kuambiwa ni kusikia na kuelewa. Kila asubuhi, akishamwosha, alimwambia kwa sauti ile ile ya nyumbani, akangoja. Mara nyingi ilibidi achomoe vidole vyake mwenyewe. Hakuacha.

Asubuhi moja aliniita nitazame. "Achia, baba watoto." Vidole vikalegea, kimoja kimoja. Nikamwomba arudie, vikalegea tena. Sikuwaahidi kwamba atatembea, wala kwamba atabeba gunia tena. Lakini kaka hakutaja tena habari ya kuondoka.

Mgonjwa wako akiwa katika hali hiyo, mpe agizo moja dogo, nyamaza, hesabu polepole hadi kumi kabla ya kurudia, na lolote utakaloona mwambie muuguzi.