Matete ya Mama Yalipochomwa

Harufu ya matete yakiungua ina utamu kidogo, kama mabua ya mahindi. Niliisikia nikishuka mtoni na mtoto mgongoni, na nilipofika, ukingo wote ulikuwa mweusi. Kijana wa kuosha magari alikuwa amejitengenezea pa kuegesha. "Mathee, tulia," akaniambia. "Si ni nyasi tu?"

Hapo ndipo uvumilivu uliponiisha. Niliyomwambia siwezi kuyaandika hapa.

Hizo nyasi alizipanda mama yangu, hapa Ngaremara, mimi nikimbebea gunia. Alichimbua mizizi kule juu ya mto, akaikata vipande kwa panga, akaifunga kwenye gunia lililoloa, tukaizika topeni mvua zilipoanza. Kisha akazungushia matawi ya miiba, maana mbuzi wa huku hula hata kamba ya kuanika nguo. Majirani walipomsikia akisema ndege watajenga viota humo, walicheka. "Mama Akiru, hao ndege unaowajengea watakuzalia nini?"

"Mayai," akajibu, akaendelea kuchimba.

Ndege wakaja kweli, kwera wa manjano, kelele kama soko la mbuzi. Sisi watoto tukapata taabu mpya. Kila asubuhi mama alitusimamisha kwenye jiwe na mitungi yetu, kimya kabisa, tuwasikilize kwanza. Wakipiga kelele zao za kawaida, tunashuka kuteka. Siku moja waliruka wote kwa pamoja, na mama akaturudisha nyumbani bila tone. Nililia njia nzima kwa kiu. Nikasema moyoni, huyu mama anapenda ndege kuliko sisi.

Nilimwelewa nilipoanza kumtuma msichana wangu mkubwa maji. Ndovu na nyati hunywa hapo hapo. Wakiingia kwenye matete, kwera ndio huwaona kwanza.

Jana msichana wangu alisimama kwenye lile jiwe, akasikiliza, akanigeukia. "Mama, sasa tunangoja nini?"

Sina nguvu za kugombana tena na mtu. Nilienda kwa chifu, nikakaa kwenye benchi mpaka mtoto akalala mgongoni, nikaandika:

"Nalalamika kwamba matete ya ukingoni yamechomwa. Naomba magari yaondolewe na mahali hapo pazungushiwe miiba. Mizizi nitapanda mwenyewe. Kwa sasa msichana wangu anashuka mtoni bila wa kumwambia kuna nini mbele."