Kikohozi cha Alfajiri

Mtaani kwao hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Aliitwa Waya. Jina hilo lilianza kama kejeli, siku zile alipoonekana kwa mara ya kwanza juu ya ngazi, plaizi mkononi, suruali chini ya gauni na mtandio umefungwa nyuma ya kichwa, akihangaika na nyaya za jirani. Wenye midomo yao walisema binti wa mwadhini amekosa nini hata aparamie nguzo kama kima. Lakini taa zao zilipozimika, ni wao hao hao waliomgongea mlango, na wakigonga walisema "fundi Waya" kwa adabu zote. Jina likaganda, na sasa hata mumewe alimwita hivyo, hasa pasi ilipogoma.

Baba yake hakuwahi kuyumba katika jambo hilo. Wazee wenzake walipomjia kumwambia kwamba kazi ya umeme haimfai mtoto wa kike, tena wa nyumba ya dini, aliwasikiliza mpaka mwisho, akawamiminia chai, kisha akauliza, "Msikiti una taa, au hauna?" Wakasema unazo. "Basi zikizimika, mtamwita nani?" Walikunywa chai wakaondoka, na Waya akaenda chuo cha ufundi.

Mzee mwenyewe alikuwa akiadhini tangu binti yake hajazaliwa, kama baba yake alivyoadhini kabla yake. Sauti yake, tuseme ukweli, haikuwa ya kujivunia. Ilikuwa na mkwaruzo kama bawaba inayodai mafuta. Zaidi ya hapo, adhana ya alfajiri aliianza kwa kikohozi. Aliwasha kipaza sauti, kikaguna kidogo, halafu mtaa mzima ukasikia "khm-khm", na baada ya kimya kifupi ndipo alipoanza. Adhuhuri hakukohoa, wala magharibi. Watu walisema ni baridi ya asubuhi, watoto wakampachika jina la Babu Khm, naye akawa anaitika.

Kikohozi hicho kilikuwa saa ya mtaa. Mwoka mikate alikisikia akachochea tanuri. Mwalimu wa nyumba ya pembeni aliruka kitandani kwa kikohozi, si kwa adhana. Adhana ilimkuta anatafuta taulo. Hata muuza maziwa, mama wa dini nyingine kabisa, alifungua zizi lake kwa ishara hiyo hiyo, na kwa namna yake alimwombea mzee uzima, maana bila yeye ng'ombe wangechelewa kukamuliwa.

Tatizo lilikuwa magoti. Kipaza sauti kilikaa katika chumba kidogo juu ya mnara, mwisho wa ngazi nyembamba ya kuzunguka, na mzee hakukubali kiteremshwe. "Mwadhini hupanda," alisema, na mjadala uliishia hapo. Sasa kila alipopanda alipumzika katikati, na simu za waumini zikawa zinaadhini mifukoni wakati yeye bado yuko ngazini. Kamati ya msikiti ikakaa. Katibu wao, kijana mwenye miwani na simu mbili, akaleta habari ya kisanduku cheusi kinachojua nyakati za sala za mwaka mzima na kuadhini chenyewe, kwa sauti tamu isiyochoka. Wakakubaliana kinunuliwe. Wakakubaliana pia nani atakifunga, kwa sababu fundi umeme mtaani alikuwa mmoja tu.

Waya alipoambiwa, aliona njia zote mbili mbaya. Akikataa, wangemwita fundi wa mbali na kazi ingefanyika vile vile. Akikubali, mikono yake mwenyewe ndiyo ingemshusha baba yake mnarani. Jioni alikwenda kwake, nyumba iliyopakana ukuta kwa ukuta na msikiti, akamkuta barazani akijichua magoti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekuja kuniambia habari ya sanduku."

"Umeshajua?"

"Katibu alinieleza baada ya sala. Alizunguka sana, maskini, mpaka nikamwonea huruma nikammalizia sentensi."

Waya alikaa chini. Njiani alikuwa amewaza jambo, na jambo lenyewe lilikuwa la aibu kwa fundi: waya mmoja ukiachwa umelegea kidogo tu, kisanduku kingeadhini siku chache kisha kife kifo cha kawaida. Hakulisema. Mzee alifunga kopo lake la dawa.

"Kifunge vizuri," alisema. "Usije ukalegeza kitu ukadhani unanisaidia. Kazi ya nyumba ya Mungu haifanyiwi ujanja."

"Kwani nani amesema nitalegeza?"

"Nimekulea mimi."

Wakacheka wote wawili, lakini kicheko cha mzee kilikatika mapema, na Waya alikiona kilipokatikia.

Basi alikifunga, na alikifunga vizuri. Aliingia msikitini mchana, kati ya sala na sala, akapanda zile ngazi na mkoba wake wa vifaa, akakaza kila waya mpaka bisibisi ikakataa kuzunguka. Akiwa juu kule aliona kitambaa cha baba yake cha kufutia jasho kimetundikwa kwenye msumari. Alikiacha pale pale.

Alfajiri ya kwanza Waya alikuwa macho kabla ya wakati, ameketi kitandani kusikiliza kazi yake. Adhana ilitoka safi, bila kuguna, bila mkwaruzo, kwa wakati wake barabara. Kama fundi, alijipongeza. Kisha alingoja. Alikawia kutambua alichokuwa anangoja, na alipotambua, adhana ilikuwa imekwisha.

Hakuwa peke yake. Mtaa mzima ulikuwa umelala ukingoja kikohozi. Ile sauti nzuri waliisikia, lakini kila mmoja alidhani ni ya msikiti wa ng'ambo ya barabara kuu, au ni simu ya jirani, na hata ilipokumbusha kwamba sala ni bora kuliko usingizi, waliamini wanakumbushwa watu wengine. Wakageukia ukutani. Imamu alisalisha safu moja yenye mapengo: mzee mwenyewe, mlinzi wa duka, na Katibu, aliyekuja kusikiliza kisanduku chake. Mikate ilichelewa. Mwalimu aliingia darasani amevaa shati kinyume. Adhuhuri muuza maziwa alikuja akasimama nje ya lango la msikiti, akamuuliza imamu kwa sauti ya chini mzee amefariki saa ngapi, na maziwa ya msiba ayapeleke wapi.

Siku zilizofuata mambo hayakunyooka. Waliotega kengele za simu walizizima usingizini, kisha wakazilaumu simu. Kamati ikakaa tena, na Katibu, ambaye si mtu wa kukata tamaa, akasema dawa yake ni rahisi: kikohozi kirekodiwe, kiingizwe ndani ya kisanduku mbele ya adhana. Wazee wakatazamana. Hakuna aliyejua kama kikohozi kina hukumu yoyote katika dini, kwa hiyo hakuna aliyepinga. Waya akaitwa tena.

Walikutana watatu katika chumba cha imamu: mzee kitini, Waya na kipaza sauti, Katibu na kompyuta yake.

"Haya, mzee wangu," Katibu alisema. "Kohoa tu kama kawaida yako."

Mzee akajaribu. Kilichotoka kilifanana na mtu anayebisha hodi kwa woga. Akajaribu tena, ikawa afadhali ya kwanza. Katibu akamletea maji baridi, akashauri pilipili, mwisho akakung'uta vumbi la vitabu karibu na pua ya mzee, na kilichopatikana ni chafya, tena ya Katibu mwenyewe. Waya alijiziba uso kwa mtandio, mbavu hana. Simu moja ya Katibu ikaita, akatoka nje kuipokea.

Mzee alingoja mlango ufungwe.

"Hakitatoka," alisema. "Mimi sina kikohozi. Sijawahi kuwa nacho."

"Baba, mtaa mzima umekisikia."

"Wewe umewahi kunisikia nikikohoa adhuhuri?"

Waya akafikiri, akatikisa kichwa.

"Mwaka ule wa mtihani wako wa kuingia chuo," mzee alisema, "ulitaka uwe unaamka alfajiri usome. Mama yako yuko zamu ya usiku hospitalini, mimi nimeshatoka. Na adhana ilikuwa haikuamshi. Umezaliwa ndani yake, kwako ni kama wimbo wa kubembelezewa. Nikifika kule juu natazama dirisha lako, giza. Sasa nifanyeje, nikuite jina? Kile kipaza sauti si changu, hakikuwekwa pale kwa shughuli za nyumbani kwangu. Nikaona kikohozi hata malaika hawatahangaika kukiandika. Nikakohoa. Dirisha likawaka. Ndipo nikaadhini."

"Niliamka nikidhani unaumwa," Waya alisema taratibu. "Nikaona nikishaamka, bora nisome tu."

"Basi si ulifaulu?"

"Na nilipohamia chuoni? Na nilipoolewa? Mbona hukuacha?"

Mzee alitazama magoti yake. "Siku ya kwanza nilikohoa, dirisha halikuwaka. Nikajua kweli umeondoka. Lakini kuacha nikaona kama nakufungia mlango."

Waya alilia, wala hakujificha. Miaka yote alikuwa amejiona mtu aliyetoka nyumba ya zamani akaenda kwenye mambo mapya kwa miguu yake mwenyewe, kumbe alikuwa anaamshwa kutoka mnarani kila siku. Katibu aliporudi alimkuta anafuta macho, akaganda mlangoni.

"Kwani kimezidi?" aliuliza kwa hofu.

"Zima kompyuta," Waya alimwambia. "Hiki hakirekodiwi. Kina mwenyewe."

Baada ya alasiri alisimama mbele ya kamati, mtandio kichwani na bisibisi imesahauliwa mkononi. Habari ya dirisha hakuwaambia, hiyo ilikuwa yao wawili. Aliwaambia kwamba kisanduku kinajua saa kuliko baba yake, na baba yake anaujua mtaa kuliko kisanduku. Kwa hiyo kisanduku kimwashie mzee taa chumbani kwake, mapema kiasi cha magoti yake, naye aje aadhini mwenyewe. Siku akiugua kweli, kisanduku kitamshikia zamu. Na kipaza sauti kishuke chini.

Katibu alikuwa wa kwanza kukubali, kwa kuwa kisanduku chake kilikuwa hakijafukuzwa kazi. Lakini mzee mmoja wa kamati akasema hilo la mwisho gumu, mwadhini hupanda, tangu zamani iko hivyo. Wote wakamgeukia baba yake Waya, maana maneno hayo yalikuwa yake.

"Baba yangu alipanda ili sauti ifike," alisema. "Siku hizi sauti inapanda yenyewe. Kiteremsheni." Kisha akamgeukia binti yake, kwa sauti ya chini. "Ila kule juu nilikuwa naona madirisha."

 Waya alishinda siku ya pili yake nzima akivuta nyaya, na kipaza sauti hakukiweka mahali walipodhani angekiweka, karibu na swichi kubwa ambapo kazi ingekuwa nyepesi. Alikipeleka upande wa pili, kwenye dirisha dogo linalotazama barabara ya mtaani. Katibu aliuliza kwa nini atumie waya mwingi hivyo. Akajibiwa kwamba ni mambo ya ufundi.

Ng'ambo ya barabara hiyo ndiko alikokuwa anaishi Waya na mumewe.

Alfajiri iliyofuata aliamka mapema, akakaa gizani ukingoni mwa kitanda, kidole kwenye swichi. Mumewe akanung'unika kuuliza kama umeme umekatika. Akamwambia alale. Nje kipaza sauti kikaguna, na mtaa ukasikia ulichokuwa ukikingojea: khm-khm.

Waya akawasha taa. Ndipo adhana ikaanza.