Ngiri wa Jana

Kazi yangu kwenye kambi moja ya watalii Mikumi ilikuwa kutunza tovuti, na watu waliifuata tovuti hiyo kwa kitu kimoja tu: kamera iliyofungwa juu ya dimbwi wanakokunywa wanyama. Ilirusha picha kutwa kucha, dunia nzima ikatazama. Shida ni kwamba kila Jumatano ilibidi niizime saa nzima kwa matengenezo, na dunia hailali kwa pamoja. Saa saba mchana kwetu, Wajapani wanakula chakula cha jioni na Wabrazili ndiyo kwanza wanakunywa kahawa ya asubuhi, wote macho dimbwini.

"Picha ikikatika hata dakika moja," bosi aliniambia, "kibarua chako kimeota nyasi."

Basi nikafanya ujanja. Kila nikizima, niliwawekea ukurasa wa akiba wenye picha za jana yake, saa ileile. Nani angejua? Ngiri ni ngiri. Nilijiona bingwa, nikawa nakula wali wangu kwa raha huku dunia ikitazama Jumanne.

Jumatano moja ya masika ukaingia ujumbe kutoka Uswidi, kwa Kiswahili safi. Aliyeandika alikuwa mama mzee mzaliwa wa Kilosa, binti wa mfanyakazi wa reli, ambaye sasa miguu haimbebi vizuri na anashinda mbele ya kamera yetu.

"Mwanangu, mdogo wangu wa Rudewa, si mbali na kwenu, kanipigia, mvua inawanyeshea tangu asubuhi. Kwenu jua hilo mmelitoa wapi?"

"Shikamoo mama. Mvua ya Rudewa haijafika huku," nikajibu, bati likinguruma kwa mvua juu ya kichwa changu.

"Marahaba. Na huyo ngiri aliyeteleza jana, leo kateleza tena palepale?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Kuwadanganya Wajapani nilishazoea. Kumdanganya mtu aliyekwisha kuniitikia marahaba kulinichoma. Nikakiri yote, nikangoja anishtaki kwa bosi.

"Sikushtaki," akaandika. "Lakini nimekaa hapa na haja imenibana, naogopa kuinuka nisije nikawakosa tembo, kumbe natazama jana! Ukizima sema, mwanangu, nikaoge."

Kesho yake nikabandika tangazo: Jumatano tunazima saa moja nzima, kuanzia saa saba mchana kwa saa za Tanzania, na chini yake nikaandika ni saa ngapi Japani, Brazili na Uswidi. Bosi alikuja amefura. Sikubishana, nikampa simu asome ujumbe wa mama. Alisoma, akanirudishia.

"Mwambie asiteleze bafuni," akasema.

Jumatano ilipofika nikazima, skrini ikawa nyeusi. Saa nane nikawasha. Ujumbe wa kwanza ulikuwa wake: "Nimeoga. Tembo wamepita?"

Nilitazama dimbwi. Maji yalikuwa bado tope tupu, na ukingoni nyayo mbichi za tembo, ndogo katikati ya kubwa.

"Wamepita, mama," nikaandika. "Wanne, na mtoto."