Dume la Msibani Lilivyomaliza Banda la Yusta

Saa kumi na mbili asubuhi, Ilula. Ukungu bado umekalia mashamba ya nyanya, na Yusta Kikoti anasonga ugali wa dona kwenye sufuria iliyokuwa ikilisha mbwa watano. Leo walaji ni wawili tu, lakini mkono umezoea. Anapika mwingi, kisha anabaki akiutazama.

Yusta, mjane wa miaka hamsini na mbili, anazalisha mbwa wa ulinzi. Wateja wake ni wenye maghala ya vitunguu hapa barabarani na wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Chunya. Mtoto mmoja wa mbwa alikuwa akimuuza shilingi laki moja na nusu, na kazi hiyo ndiyo iliyomjengea nyumba anayoishi.

Maskini, kilichomponza ni adabu.

Mwaka jana alisikia mchimbaji mmoja wa Chunya amefariki na familia inauza dume lake, Bosko, mbwa aliyesifika hadi Mbeya mjini. Yusta alishawahi kuwaona watoto wa Bosko: vifua vipana, hawatishwi na mtu. Akafunga safari. Akafika siku ya kuanua matanga.

Sasa, msomaji, mbwa dume mzee hanunuliwi kwa sifa. Hufunguliwa mdomo yakaonekana meno. Huulizwa amezalisha lini mara ya mwisho, na jike yupi. Hupimwa damu. Yusta anayajua hayo yote, na ndiyo maana inauma. Lakini kwetu huku, nani anaingia nyumba yenye msiba akaanza kukagua mali ya marehemu kama yuko mnadani?

"Marta, mke wa marehemu, macho yalikuwa bado yamevimba," anasema. "Ningemwambiaje nataka cheti cha chanjo? Niliona aibu. Nikatoa hela, nikampa na pole."

Aliambiwa Bosko ana miaka mitano. Wale watoto waliomvutia walikuwa wenyewe wameshazeeka, naye hakujiuliza. Watu husema kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Huyu hakuwa kwenye gunia, alikuwa amelala uani mchana kweupe.

Bosko aliwapanda majike watatu. Wa kwanza hakushika mimba. Wawili waliharibu mimba zikiwa zimekomaa, na Yusta akawazika watoto nyuma ya banda akidhani ni baridi. Daktari wa mifugo, Adrian, alipochukua damu, ukaonekana ugonjwa wa kutupa mimba, ule unaoambukizwa kwa kupandana, usio na tiba ya uhakika kwa mbwa, na ambao hata binadamu anaweza kuupata. Meno yakasema Bosko amevuka miaka kumi.

Majike wote watatu walichomwa sindano ya kufa. Wamebaki Bosko, ambaye zamu yake ni leo, na Zawadi, ambaye hakupandwa lakini aliishi nao ua mmoja.

Kabla ugali haujapoa, gari linasimama getini. Ni Ombeni, mfanyabiashara wa nyanya kutoka Mbeya, ana jike wake nyuma ya gari. Anaamkia kwa Kihehe, kamwene mama, anasema sifa za Bosko zimemfikia na yuko tayari kumnunua kwa bei ileile aliyotoa Yusta. Haulizi umri wala afya.

Yusta anageuka kumtazama Bosko. Hela hiyo ingemnunulia dume jingine.

"Mwanangu, huyu mgonjwa," anasema mwishowe. "Nikikuuzia, nitakuwa nimekuhamishia msiba wangu."

Ombeni anadhani anapandishiwa bei, anaongeza. Yusta anamkatalia tena, safari hii kwa ukali, na anamkataza hata kumshusha jike wake. Jamaa anaondoka amenuna.

Daktari Adrian anafika saa tatu na mkoba wake. Bosko anamkimbilia akitikisa mkia, maana kwa anaowajua ni mpole. Yusta anavaa glavu, anapiga magoti, anamshika kichwa mwenyewe. Sindano haichukui muda. Analia waziwazi, nami nafunga kalamu.

Baadaye namuuliza kama ana kinyongo na Marta. Anasema mama wa watu hakujua, mambo ya mbwa yalikuwa ya mumewe.

Damu ya Zawadi ilipopimwa mara ya kwanza ilionekana safi. Daktari anataka kuipima tena mwezi ujao kabla ya kumruhusu azae. Majibu yakiwa mazuri, Yusta atatafuta dume kijana, mwenye watoto wa mwaka huu huu, na atakwenda kumwona akiwa na daktari.

Na yakiwa mabaya?

Anatazama mlango wa banda la Zawadi.

"Basi na yeye nitamshika kichwa mwenyewe," anasema.